Forodhani: Uwanja Ulioshika Jina Lake

Mgeni ashukaye Unguja leo na kuulizia mahali pa kupunga upepo baada ya jua kuchwa huelekezwa Forodhani, naye akifika huona bustani iliyokabili bahari, miti yenye vivuli vipana, njia zilizotandikwa mawe, na moshi wa makaa ukipanda kutoka kwenye meza za wauza vyakula. Lakini forodha yenyewe haioni. Hapana mizani, hapana robota linalongoja kufunguliwa, hapana karani wa ushuru mwenye kalamu sikioni. Kazi iliyolizaa jina imehama zamani, na jina limekataa kuifuata. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini, maana bustani hii ilipotengenezwa ilipewa jina jingine lenye fahari, jina la ufalme na sherehe, nalo limesahauliwa na wengi, likabaki lile la mahamali na wachuuzi. Tarikhi ya viwanja vya mji wa Unguja, nionavyo mimi, ni tarikhi ya shauri refu baina ya wale waliovitoa viwanja hivyo kuwa zawadi na wale waliovitumia kuwa haki yao.

Kwanza yafaa tujiulize mji wenyewe ulikuwaje kabla haujawa na bustani ya watu wote. Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi ya Shangani, ambayo zamani ilikuwa na bahari upande mmoja na hori upande wa pili, na nyumba zake za mawe na chokaa zimesogeleana kiasi cha kuwa jua hupenya katika vichochoro vyake kwa saa chache tu za mchana. Waliojenga hivyo walijua walifanyalo, kwa kuwa kichochoro chembamba ni kivuli kisichongoja mti kukua. Nyumba ya mwenye wasaa ilikuwa na behewa katikati, lililo wazi juu, ambamo watu wa nyumbani, hasa wanawake, walipata hewa na mwanga pasipo kuonekana na wapita njia; na nje, kandokando ya mlango, palikuwa na baraza ya mawe ambapo wanaume walikaa baada ya sala ya alasiri wakinywa kahawa chungu na kupeana habari za msimu na za majahazi. Mji wa namna hiyo haukuona haja kubwa ya bustani ya hadhara, maana hewa yake ilikuwa ndani ya nyumba na mazungumzo yake yalikuwa mlangoni.

Bustani zenye miti ya matunda na maua zilikuwa mali ya kasri. Seyyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, jinsi ua wa kasri ya Mtoni ulivyokuwa na tausi, paa na mbuni waliotembea huru baina ya watoto wa Sultani, baba yake. Ndugu yake, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888, alijenga kasri ya Marhubi katikati ya miembe mikubwa, akaizungushia ukuta wa mawe, na husimuliwa kwamba fikra ya ukuta ule aliipata baada ya kuziona bustani za Uingereza alikozuru mwaka 1875. Msomaji na atanabahi: miongoni mwa yote yaliyokuwamo katika bustani za Ulaya, lililovuka bahari kwanza likafika Unguja ni ukuta, lango lililo wazi kwa kila mtu lilikuja baadaye. Hata hivyo si haki kumtaja Seyyid Barghash pasipo kukiri kwamba ndiye aliyeuletea mji maji matamu kwa mfereji kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, wala hakuna bustani pasipo maji.

Sasa tuirudie forodha. Neno hili ni la Kiarabu, nalo maana yake ni bandari au mahali pa kutozea ushuru. Seyyid Said bin Sultan, baba yao Salme na Barghash, alipoyahamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ushuru wa bandari ulikuwa ndio uti wa mgongo wa hazina yake, naye hakuukusanya kwa mkono wake bali aliukodisha kwa mfanyabiashara, ambaye kwa miaka mingi alikuwa Jairam Shivji wa Kachchi. Pale ufukweni, chini ya banda lililosimama juu ya nguzo za miti, zilipimwa pembe za ndovu zilizobebwa mabegani tangu bara ya mbali, zikapimwa karafuu, sandarusi na ngozi, yakahesabiwa marobota ya kitambaa cha merikani na mafurushi ya shanga. Wakahesabiwa na wanadamu pia, kila kichwa na ushuru wake, mpaka mkataba wa Juni 1873 ulipoiharimisha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Alaye mshikaki mahali pale jioni ya leo hukanyaga ardhi ambayo juu yake watu walitiwa thamani sawa na ngozi na karafuu, na lau bustani ile isingekuwa na faida nyingine yoyote, ingalitosha kwamba watoto wa watoto wa waliohesabiwa huketi pale sasa wakihesabu fedha zao wenyewe.

Mwaka 1883 Seyyid Barghash alijenga nyuma ya ufuko huo jumba la Beit al-Ajaib, na mbele yake ulisimama mnara wa taa ulioongoza vyombo usiku. Mnara huo haukudumu. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipoipiga mizinga kasri ya Seyyid Khalid bin Barghash kwa muda wa dakika 40 hivi, mnara ulibomolewa pamoja na sehemu kubwa ya majumba ya kifalme, na mnara mpya wenye saa ukawekwa juu ya Beit al-Ajaib yenyewe. Miaka michache baadaye, mwaka 1905, ikaja reli ya Bububu, ambayo mabehewa yake yalipita karibu na Ngome Kongwe yakichukua abiria na mizigo kwa mwendo wa maili saba. Basi ufuko ule mmoja ulipata kuwa soko, uwanja wa vita na njia ya gari la moshi, lakini mahali pa kupumzikia hapakuwa bado.

Kilichopafungulia mlango pahala hapo ni kuondoka kwa kazi. Katika miaka ya 1920 bandari mpya yenye kina cha kutosha ilijengwa Malindi, na shughuli za shehena zikahamia huko, zikaacha mbele ya Ngome na Beit al-Ajaib uwanja mtupu uliokuwa ghali kuliko ardhi yoyote mjini na usiokuwa na shughuli. Miji mingi ikipata uwanja kama huo huuza. Unguja haikuuza, na ilipofika mwaka 1936, Seyyid Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala wake, uwanja ulitengenezwa ukawa bustani ya ukumbusho, ukaitwa Bustani ya Jubilei, ukatiwa njia, miti na kibanda cha wapiga bendi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1956, Princess Margaret wa Uingereza alipozuru visiwa, pakajengwa ukingoni mwa maji kibanda cheupe chenye matao ya Kiarabu, ili kumpokea mgeni huyo kwa taadhima. Kibanda kipo hata leo, na waketio ndani yake kukimbia jua aghalabu hawajui kilijengwa kwa ajili ya nani.

Bustani ya Jubilei haikuwa ya kwanza. Kule Vuga, Seyyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala tangu 1896 hata 1902, alikwisha kuwapa watu bustani kwa heshima ya jubilei ya Malkia Victoria, mahali palipokuwa na hamamu za wanawake wa kasri ya Seyyid Barghash. Na baadhi ya mimea yake ilitoka kwa Sir John Kirk, yule balozi wa Kiingereza aliyekuwa tabibu na mwanachuoni wa mimea, ambaye shamba lake la Mbweni lilikuwa kama darasa la miti ya nchi za mbali. Ukumbi wa bustani hiyo ukawa Baraza la Kutunga Sheria tangu mwaka 1926 hata Mapinduzi ya 1964. Jina la Victoria lingali likitajwa, na sababu yake, nadhani, ni kwamba mahali pale hapakuwahi kuwa na kazi ya kila siku ambayo ingelipa jina la pili. Wananchi walipita kando yake kwenda kwenye shughuli zao, na jina la malkia likabaki kwa kukosa mpinzani.

Mambo yalikuwa tofauti sana upande wa mashariki wa mji, penye Mnazi Mmoja. Zamani hori liliingia pale kwa maji kujaa na kutoka kwa maji kupwa, likiutenga Mji Mkongwe na mitaa ya ng'ambo yake, ambayo kwa sababu hiyo ikaitwa Ng'ambo, jina ambalo limeendelea kutumika ingawa hakuna tena maji ya kuvuka. Hori lilifukiwa kidogo kidogo, likianza upande wa kusini, hata ilipofika katikati ya karne ya 20 lote likawa nchi kavu. Sehemu iliyofukiwa kwanza iliachwa wazi ikawa viwanja vya michezo. Mzungu alipata pale uwanja wa gofu na wa tenisi. Na juu ya majani hayohayo mafupi vijana wa Ng'ambo walijifunza mpira wa miguu, wakaunda timu za mitaa, wakagombea nafasi ya kucheza.

Haifai kuyasoma mambo haya kwa macho mepesi. Uwanja ulio wazi, katika fikra za watawala wa zama zile, haukuwa wa kupumzikia peke yake. Ulikuwa pia mpaka. Nenda Dar es Salaam utakuta Mnazi Mmoja nyingine, nayo ilikuwa ardhi iliyoachwa tupu baina ya mitaa ya biashara na Kariakoo ya Waafrika, kwa hoja ya afya na usalama, ili pawe na nafasi ya hewa baina ya watu na watu. Nyasi zilifanya kazi ya ukuta. Walakin ukuta wa nyasi una aibu moja, nayo ni kwamba watu huweza kuukalia. Mnazi Mmoja ya Unguja ikawa pahala pa sikukuu za Idi, ambapo watoto waliovishwa nguo mpya walipanda pembea na kununua vitu vya kuchezea kwa senti za mkono wa Idi. Ikawa pahala pa Maulidi makubwa, ambapo watu wa Mjini na watu wa Ng'ambo waliketi usiku chini ya taa moja wakimsalia Mtume. Kilichowekwa ili kiwatenge watu ndicho kilichowakutanisha, na hapana afisa aliyelipanga hilo.

Haimaanishi kwamba mji haukupangwa. Katika muda usiozidi karne moja Unguja imechorewa ramani za mipango mara kadhaa: mwaka 1923 ilichapishwa kazi ya H. V. Lanchester, msanifu Mwingereza aliyekuwa na uzoefu wa miji ya India. Mwaka 1958 ukatolewa mpango mwingine wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1968, baada ya Mapinduzi, wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki wakaleta wao, uliotangulia kujengwa kwa maghorofa marefu ya Michenzani. Na mwaka 1982 ukaja wa Wachina. Kila mpango ulikuwa na jicho lake. Wa kwanza ulitazama upepo, maji machafu na njia. Wa Kijerumani uliwaza kumtoa mwananchi katika kibanda cha udongo na kumpandisha katika nyumba yenye umeme na bomba. Viwanja vya wazi vilichorwa katika karatasi zote, kwa rangi ya kijani, lakini rangi ya kijani katika karatasi haihitaji kumwagiwa maji.

Mpango ulionivutia zaidi ni ule wa miaka ya 2010 ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ambao Idara ya Mipango Miji ya Zanzibar iliushughulikia kwa msaada wa washirika wa nje, mji wa Amsterdam ukiwa mmojawapo. Badala ya kuanza na karatasi tupu, waliwauliza wakazi ni pahala gani mtaani mwao wanapopathamini. Na majibu yakataja maskani, baraza, miti ya kivuli na viwanja vidogo vya mpira ambavyo ramani za zamani ziliviona kuwa ardhi isiyotumika. Ilikuwa kana kwamba, baada ya miaka 90, mpangaji amekubali kuketi barazani kabla ya kufungua bahasha yake ya michoro.

Hapa ndipo tunapolifikia jambo gumu zaidi, nalo ni utunzaji. Kutengeneza bustani ni kazi ya mwaka mmoja na sherehe ya siku moja. Kuitunza ni kazi isiyokuwa na sherehe. Forodhani ina adui asiyelala, naye ni bahari. Maji ya Unguja wakati wa bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na kila siku, mara mbili, ukuta wa ufukweni hufunikwa na kufunuliwa. Maji yakijaa hupenya katika viungo vya mawe. Yakipwa hutoka, na kila yatokapo hubeba punje za mchanga kutoka nyuma ya ukuta. Juu hapaonekani kitu. Miaka hupita, mchanga unaliwa chini kwa chini, mpaka siku moja njia inabonyea, jiwe linazama, na mtu anashangaa bustani kuchakaa ghafula, kumbe haikuchakaa ghafula hata kidogo. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, mtu wa bara huisikia kuwa ni mithali. Mtu wa pwani huisikia kuwa ni hesabu ya chokaa.

Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii. Ukuta ulidhoofika, taa zikazimika, mitaro ikaziba, na meza za vyakula zikaongezeka pasipo maji safi wala pahala maalumu pa kutupa taka, hali ya kuwa mji wenyewe ulikwisha kuandikwa na UNESCO mwaka 2000 kuwa Urithi wa Dunia. Mwaka 2008 Shirika la Utamaduni la Aga Khan, kwa makubaliano na serikali, lilianza kuitengeneza bustani, na Julai 2009 ikafunguliwa upya. Ukuta ulitiwa nguvu, mitaro na taa zikawekwa, njia zikatandikwa upya, miti mikubwa ikahifadhiwa, na wauza vyakula wakapangiwa mahali pao. Jambo hili la mwisho, ambalo mpita njia huliona dogo, ndilo naliona kubwa, kwa kuwa wangeliweza kufukuzwa. Miji mingi imepata bustani safi kwa kumwondoa muuza urojo, na baada ya hapo ikashangaa kwamba bustani haina watu. Forodhani ilimwacha, pamoja na miwa yake inayosagwa kwa mkono na kuchanganywa na ndimu na tangawizi, pamoja na pweza wake na ngisi wake. Na kwa kumwacha ikahifadhi sababu ya watu kuja.

Wala si wauzaji tu. Ifikapo alasiri, maji yakiwa yamejaa, huja vijana waitwao makachu, ambao hupiga mbio juu ya sakafu ya bustani na kujirusha kutoka ukutani, mmoja akijipindua kama upinde, mwingine akikunja magoti, wa tatu akinyoosha mikono kama mwewe, wakaangukia majini kwa kishindo huku wageni wakipiga picha. Ukuta uliojengwa kuzuia bahari wameugeuza kuwa jukwaa la kuiendea. Haya hayakuandikwa katika mpango wowote wa mwaka wowote.

Upande wa pili wa njia, mkabala na bustani, somo jingine limesimama, au tuseme limeanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa matengenezo, pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lililojengwa kuwastaajabisha walimwengu liliwashinda wenye kulitunza, hali ya kuwa bustani iliyo mbele yake, isiyokuwa na fahari hata robo ya ile, ilikuwa imesimama. Si kwamba mawe ya bustani ni bora. Ni kwamba bustani hutumiwa na kila mtu kila siku, na kitu kitumiwacho kila siku hulalamika mapema. Mwenye kuketi juu ya bao lililovunjika husema jioni hiyohiyo, lakini jumba lililofungwa huvumilia kimya mpaka siku ya kuanguka.

Nenda Forodhani baada ya sala ya alfajiri, kabla joto halijapanda. Moshi umekwisha, meza zimeondolewa, na kunguru wanagombea mabaki. Utamkuta mfagiaji, mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni, akiinama na ufagio wa chelewa, akikusanya vijiti vya mishkaki, makapi ya miwa, maganda ya ndimu na majani yaliyoanguka usiku, akiyasukuma mafungu mafungu kuelekea kwenye toroli. Naye huanza upande wa bahari akimalizia upande wa barabara, ili upepo usimrudishie kazi yake. Kesho yake atayakuta mafungu yaleyale mahali palepale. Nilipomtazama nilidhani nimelifahamu jina la mahali pale kuliko nilivyolifahamu katika vitabu. Forodha ni pahala ambapo hapana kipitacho bure. Pembe zimekwisha, marobota yamekwisha, na Mungu ashukuriwe kwamba wanadamu hawahesabiwi tena. Lakini ushuru ungali ukitozwa kila alfajiri kwa kila jioni iliyopita, na yule mama ndiye aulipaye kwa niaba ya mji mzima. Jina la jubilei lilikuwa jina la siku moja, na siku hiyo ilipita. Jina la forodha lingali na kazi.